Bingwa wa Kupisha

Nilimwagia daftari lake tope. Naanza na hilo kwa sababu Garsen nzima wanalijua na kila mtu analisimulia anavyotaka. Wengine wanasema nilimmwagia Mwalimu mwenyewe kichwani. Wengine wanasema nilimpiga na mtungi. Sikumpiga. Nilichukua maji ya mwisho ya kioski, yale ya rangi ya chai ya maziwa, nikayamimina juu ya daftari la miraba alilokuwa amelifungua mbele yangu, na nikangoja yaingie katikati ya kurasa.

Ilikuwa siku ya kumi na nne mfululizo mimi kuwa wa mwisho. Jioni ya kabla yake ujumbe wa zamu uliingia kwenye simu kama kawaida: Nyumba 19, zamu ya 32. Nyumba zetu ni thelathini na mbili. Tangi la kioski chetu cha maji linajazwa mara moja kwa siku kutoka mtoni, na anayekinga wa thelathini na mbili hakingi maji, anakinga kile ambacho maji yamekiacha. Nilikuwa nachemsha, msiniulize. Tope lililochemshwa ni tope la moto. Zena wangu, mtoto wa miaka mitano, alikuwa anaharisha siku ya tatu, na asubuhi hiyo nilimwacha kwa jirani yangu Mama Barisa akiwa amelegea kama jani la mgomba lililokatwa.

Mwalimu akaja na daftari lake. Hakuniuliza habari za mtoto. Aliuliza, "Mara ngapi sasa, Mama Zena?"

"Kumi na nne."

Akaandika. Kisha uso wake ukafunguka kama wa mtu aliyeletewa barua njema, akasema, "Hongera! Unajua kwamba wakala wako wa ndani ya mashine ndiye bingwa wa kioski kizima? Hakuna mwenye pointi kama zake."

Hapo ndipo mtungi ulipoinama.

Sasa nieleze huyu mtu ni nani, maana nikimwacha hapo mtadhani ni mjinga au mtu mbaya, na yeye si mjinga wala si mbaya. Ndiyo maana hasira yangu ni kubwa. Mjinga ningemtukana nikaenda zangu.

Jina lake sitaliandika. Hapa kwetu ni Mwalimu tu. Walimu wamejaa mjini, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno hakuna anayekuuliza yupi. Alitufundisha hesabu katika sekondari ya wasichana, akastaafu, na kustaafu kwenyewe hakukumbadilisha kitu. Shati bado ni lile la mikono mirefu lililofungwa vifungo hadi shingoni katika joto hili. Mfuko wa kifuani haujawahi kuwa na kalamu. Kalamu huiweka sikioni. Mfukoni mna kunde na mahindi makavu. Ukikutana naye njiani ukamwuliza swali la maana, atachuchumaa hapo hapo, achore miraba mchangani, apange kunde upande huu na mahindi upande ule, na mbuzi wa watu wataanza kumsogelea.

Zile punje aliziita wadudu. Sisi pia alituita wadudu, siku ile ya kidato cha pili alipotutoa darasani akatusimamisha uwanjani, kila mmoja na kikaratasi mkononi. Kikaratasi kilisema hivi: mwangalie aliye kushoto kwako, akipiga hatua mbili, wewe piga moja, akisimama, geuka. Basi. Wasichana arubaini, kikaratasi kimoja. Tukaanza kwa kugongana na kucheka. Baada ya muda kidogo tulikuwa tunazunguka duara moja kubwa, zuri, linalojikunja na kujikunjua kama kundi la ndege wa mpunga, na hakuna aliyekuwa ameamrisha duara.

"Nani kawaambia mzunguke?" Mwalimu akapiga kelele kutoka kando.

"Hakuna!"

"Kikaratasi kimetaja duara?"

"Hakijataja!"

"Basi duara limetoka wapi?"

Mwenzetu mmoja akajibu kwamba limetoka kwa shetani, na akapewa adhabu ya kufikiria upya. Hiyo ndiyo adhabu aliyokuwa akitoa. Hakuwahi kumchapa mtu. "Kafikirie upya," na unakaa kwenye ngazi ya maktaba mpaka ufikirie. Ni afadhali kiboko.

Shuleni kulikuwa na kompyuta nne kuukuu, na ndani ya hizo akatufundisha kutengeneza wadudu wa kweli, kama wanaweza kuitwa wa kweli. Uwanja wa miraba, nyasi za kijani, na vidoa vinavyotembea vikishindana kula. Kila kikundi kiliandika kanuni za mdudu wake, halafu wanaachiliwa pamoja. Anayekula sana anazaa, na mtoto anafanana na mzazi ila kwa tofauti ndogo. Asiyekula anafutika. Sisi wengine tulikulia katikati ya ng'ombe na mashamba, watu wanaogombania nyasi na maji si hadithi kwetu, kwa hiyo tulielewa upesi kuliko alivyotarajia.

Kikundi chetu kilishinda, na ushindi wenyewe ulileta ugomvi. Tuliandika kwamba mdudu ale miraba mingi awezavyo kwa siku moja, na siku ihesabiwe kwa hatua zake: akipiga hatua mia, siku imekwisha. Vizazi vya kwanza vilikimbia huku na huko. Kisha akatokea mmoja aliyesimama tuli. Hakupiga hatua. Kwa kuwa hakupiga hatua, siku yake haikuisha, na nyasi zikawa zinamwotea mdomoni. Baada ya muda uwanja mzima ulijaa wadudu waliosimama kama wazee barazani, wananenepa.

Wenzetu wakapiga kelele kwamba huo ni wizi. Mwalimu alicheka mpaka machozi. "Hajaiba," alisema. "Ametii. Hakuna kanuni aliyoivunja. Aliyeandika kanuni ndiye huwa wa mwisho kujua alichoandika." Nilikuwa na miaka kumi na sita na niliona hilo ndilo neno zuri kuliko yote niliyowahi kusikia kwa mtu.

Mmoja wetu akanyoosha mkono kwenye kibodi amwondoe mdudu mvivu. Mwalimu akamshika kifundo cha mkono. Ndiyo mara pekee nilipomwona akimgusa mwanafunzi. "Usiguse. Ukigusa katikati, hujajifunza lolote kumhusu yeye. Umejifunza tu kwamba una mkono." Hiyo ilikuwa dini yake. Usiguse, ngoja uone. Hata dama aliicheza hivyo. Pale njia panda wazee hucheza dama kwa vizibo vya soda, na sijasikia hata siku moja kwamba Mwalimu ameshinda. Anaiona hatua ya kumfunga mwenzake, watu wote wanaiona, halafu anasukuma kizibo kingine ili aone yule mwenzake angefanya nini akiachwa. Wanamcheka. Anafurahi kabisa kushindwa, na kila anaposhindwa anaandika.

Lakini huyo huyo wa usiguse alinigusa mimi.

Kidato cha nne nilipata mimba. Nyumbani neno likawa moja: shule basi. Nilikaa nyuma ya nyumba napepeta mchele na sitaki kuonekana. Mwalimu akaja kwa miguu, maana hapandi bodaboda, anasema hazimpi nafasi ya kuhesabu, na kwapani alikuwa na mitihani ya miaka iliyopita. Baba akamwambia kwa heshima kwamba jambo hili ni la familia.

"Sawa, mzee mwenzangu," Mwalimu akasema, akavuta kigoda. "Mimi nimekuja kwa jambo la hesabu. Mtihani hauangalii tumbo, unaangalia karatasi."

"Na watu je? Watu wataangalia nini?"

"Watu wataangalia wiki tatu. Halafu watapata mwingine."

Alikuja kila alasiri mpaka nikaufanya ule mtihani, tumbo limenibana kwenye dawati. Cheti ninacho. Kwa hiyo mtu akiniambia, "Wewe unamwandikia malalamiko mtu kama yule, huna haya?" namjibu kwamba haya ninayo na cheti ninacho, na vyote viwili nimevipata kwake.

Nimewahi kumwuliza, kwa nini wadudu huwagusi na mimi ulinigusa. Akala punje mbili za mahindi makavu. "Wewe ulikuwa unalia," akasema. "Wadudu hawalii." Liwekeni hilo akilini.

Sasa kioski. Kabla ya huu mfumo, pale bombani palikuwa vita. Wanawake walivutana kanga, punda wa wafugaji walikanyaga mitungi, na siku moja mtu alipasuliwa paji la uso kwa kifuniko cha tangi. Kamati ya maji ikamwomba Mwalimu, kwa kuwa ana akili za kompyuta, apange zamu. Mtu mwingine angeandika orodha na kuibandika ukutani. Yeye akaenda kwanza kuangalia watu wanavyoteka. Alikaa kwenye visima vya Waorma huko nyikani, akaona kwamba mgeni aliyetoka mbali mifugo yake hunywa kwanza, na mwenyeji hupisha. Akakaa kwenye ngazi za mtoni kwa Wapokomo, akaona mwenye mimba na mwenye mtoto mgongoni hupishwa bila mtu kusema neno. Akarudi akiwa na daftari limejaa na macho yanawaka.

Kwenye mkutano alitueleza polepole, na ninaandika kama alivyoeleza. Kila nyumba itakuwa na wakala wake ndani ya mashine, programu ndogo, mdudu mmoja. Kila jioni mawakala wanapanga zamu za kesho. Mawakala wawili wanaweza kubadilishana: mmoja asogee mbele, mmoja arudi nyuma. Anayepisha anapata pointi. Nyumba isipotokea kwenye zamu yake, wakala wake anapoteza pointi nyingi. Na kila mwisho wa juma, wakala mwenye pointi chache anafutwa, anawekwa mtoto wa wakala mwenye pointi nyingi, mwenye tofauti ndogo. "Watajifunza wenyewe," alisema. "Nimechukua adabu yenu nikaiandika ndani ya mashine. Anayepisha ndiye atakayestawi."

Tulipiga makofi. Mimi nilipiga mpaka viganja vikaniwasha.

Na kuna hili moja, maana ndilo linaloniudhi kupita yote, kwa sababu limetoka kwenye wema wake. Yeye mwenyewe alikataa nyumba yake isiandikwe. Mwenye kutunga kanuni, alisema, asinufaike na kanuni. Anaishi upande wa mtoni, anateka huko kwa ndoo yake, alfajiri, huku anaangalia mamba. Kwetu mtoni ni mwendo wa saa nzima, na mamba hawana zamu. Watu walimsifu: tazama mtu wa haki. Lakini kwa haki hiyo hakusimama foleni hata siku moja. Alituona kutoka kando, na daftari, kama alivyotuona uwanjani na vikaratasi.

Mwezi wa kwanza ulikwenda vizuri kabisa. Vita vilikwisha. Kisha nikaanza kurudi nyuma. Zamu ya kumi, ya kumi na nane, ya ishirini na sita. Nikadhani ni bahati. Mama Barisa naye, nyumba ya 27, akawa anarudi pamoja nami. Tukajikuta tuko mkiani kila siku, sisi na wanawake wengine wale wale: wenye watoto wadogo, wajane, bibi mmoja anayetembelea mkongojo. Na mbele walikuwa wale wale pia: mwenye hoteli, mwenye duka la jumla, na mwenyekiti wa kamati.

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Alikuwa anakunywa chai.

"Mama, sio mimi," akasema. "Ni mfumo."

"Mfumo ni nani?"

"Mfumo ni mfumo. Umeamua."

"Una mama huo mfumo? Nikaongee na mamake."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akasema niwe na subira. Mama Barisa, tulipokuwa tunarudi na mitungi yetu ya tope, akasema maneno ambayo wasomi wetu wote hawakuyasema. Kiswahili chake ni cha kujifunzia sokoni, lakini hakuna aliyelielewa jambo lile kama yeye. "Sisi kwa kisima," alisema, "mtu napisha mtu naona. Naona hii iko na mtoto, naona hii natoka mbali. Naona, halafu napisha. Hii ya ndani ya simu naona nani?"

Basi ndivyo hali ilivyokuwa mpaka siku ya mtungi. Baada ya kumwagia daftari niliondoka bila kugeuka, nikampeleka Zena zahanati. Walimpa maji ya chumvi na sukari, na daktari akanikaripia kuhusu maji machafu kana kwamba mimi ndiye niliyeyaumba.

Siku mbili baadaye, Zena alipoanza kukaa mwenyewe na kuomba uji, nilikwenda kwa Mwalimu. Sikwenda kuomba msamaha. Nilikwenda na kalamu.

Nilimkuta uani. Alikuwa amelikata daftari lile kurasa kurasa na kuzianika kwenye kamba ya nguo, kila ukurasa na kibanio chake, zote zimekunjamana na zina rangi ya mto. Alikuwa anapita katikati yake mikono nyuma, anasoma.

"Karibu, Mama Zena. Mtoto?"

"Leo umeuliza."

Akavuta kigoda, ndugu wa kile cha mitihani, akaniketisha, akaanza kunieleza mawakala wamefanya nini. Sitasema uongo: alieleza vizuri kama zamani. Wakala anataka pointi, na pointi zinapatikana kwa kupisha. Lakini akipisha mno, mwenye nyumba anachoka, haji, na wakala anapoteza. Kwa hiyo kila wakala alianza kuipima nyumba yake: naweza kuisukuma nyuma kiasi gani kabla haijakata tamaa? Mwenye hoteli, akiwekwa wa kumi tu, hajisumbui. Ananunua kwa mkokoteni. Wakala wake akajifunza kutopisha. Mimi, hata niwekwe wa mwisho, naja. Sina mkokoteni. Kwa hiyo wakala wangu aligundua kwamba anaweza kupisha na kupisha na kupisha bila kupoteza kitu, akawa tajiri wa pointi kuliko wote, akazaa, na watoto wake wamewekwa katika nyumba kumi na moja.

"Hakuna niliyemwambia atafute mwenye subira," Mwalimu alisema, na sauti ilianza tena kupanda kwa furaha. "Neno subira halimo katika kanuni. Wameligundua! Na sasa tazama huku." Akashika ukurasa kwenye kamba. "Juma hili wa nyuma wameanza kushikana watatu watatu. Wanazungushana zamu wao kwa wao, wanakusanya pointi bila kwenda popote. Hilo sikuliota. Niachie wiki mbili tu, Mama Zena. Wiki mbili nione linaelekea wapi."

"Wiki mbili za nani?"

"Wiki mbili za..."

"Mwalimu, mimi ndiye uwanja. Zena ndiye uwanja. Unasema usiguse, sawa, na sisi tunakunywa nini huku unangoja?"

"Hakuna aliyekukosea kwa makusudi."

"Sijasema makusudi. Yule mdudu wetu aliyesimama, ulisema kakosa nani? Si ulisema ni aliyeandika?"

Alikaa chini kwenye mchanga kabisa, mzee na shati lake la vifungo. Kuku walikuja kuangalia kama kuna kunde.

"Niliandika adabu," akasema mwishowe, taratibu.

"Uliandika pointi. Adabu ina macho. Mama Barisa anajua, hakusoma hata darasa moja."

"Nikizima sasa, mwenyekiti atabandika orodha yake ukutani. Unajua jina la nani litakuwa la kwanza."

"Najua. Ndiyo maana sikuja kukuomba uzime. Nimekuja kukuambia naandika malalamiko, kwa karatasi, yapigwe muhuri. Na mlalamikiwa siandiki mashine. Naandika wewe."

Nilitarajia aseme, baada ya yote niliyokufanyia. Kama angesema hivyo, sijui ningefanya nini. Pengine ningelia, na angeshinda. Hakusema. Alinyoosha mkono nimpe karatasi. Akasoma rasimu yangu mpaka mwisho, akachomoa kalamu sikioni, akanisahihishia. Hakika. Kwenye malalamiko dhidi yake mwenyewe alifuta neno "watu" akaandika "nyumba 11", kwa sababu, alisema, kamati huogopa hesabu kuliko huruma. Mahali nilipoandika "mfumo ni mbaya" alipiga mstari. "Mbaya vipi? Andika kanuni ipi."

Kisha akauliza, "Mashahidi?"

"Mama Barisa."

"Atasema alichokiona kwenye foleni. Vizuri. Na kanuni zenyewe atazieleza nani mbele ya kamati? Wewe hukuziandika. Watasema umezibuni."

Nilimtazama. Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati, na ilimchukua muda mrefu sana kuifuta, kwa miwani ambayo haikuwa chafu.

Haya ndiyo niliyoyapeleka ofisini asubuhi iliyofuata, nakala mbili, nikasimama pale mpaka muhuri ukapigwa kwenye zote.

Kwa Mwenyekiti, Kamati ya Maji.

KUH: MALALAMIKO JUU YA KANUNI ZA ZAMU KIOSKINI

Mimi ni mwenye nyumba namba 19. Kwa siku kumi na sita mfululizo nimepewa zamu ya mwisho, na maji ya zamu hiyo hayanyweki. Mtoto wangu ameugua na amepata nafuu. Zamu yangu ya kesho ni ya thelathini na mbili.

Silalamikii mashine. Mashine imetii. Nalalamikia kanuni inayompa wakala pointi kwa kupisha zamu ambayo si yake. Anayepisha ni mashine na anayekosa maji ni mimi. Kwa kanuni hiyo nyumba 11 zimesukumwa nyuma kwa sababu moja tu, kwamba huja hata zikiwekwa nyuma. Mlalamikiwa ni aliyeiandika kanuni hiyo, pamoja na kamati iliyoipitisha. Mimi pia niliipigia makofi, na hilo nalikiri.

Naomba kwanza pointi ya kupisha ifutwe leo. Pili, zamu isibadilishwe na wakala yeyote mpaka mwenye nyumba aulizwe na akubali kwa mdomo wake, pale pale bombani, akimwona anayempisha. Tatu, kila nyumba ikae zamu ya mwisho kwa mzunguko, ikiwemo nyumba ya mwenyekiti, na nyumba ya mwandishi wa kanuni iandikwe kwenye orodha na isimame foleni kama sisi. Nne, maji ya chini ya tangi yasigawiwe mtu.

Siombi nisogezwe mbele peke yangu. Mkinisogeza mimi mtakuwa mmemrudisha mwingine, na nitaandika tena kwa ajili yake.

Nangoja jibu kwa maandishi ndani ya siku saba. Neno "mfumo" lisiwemo ndani ya jibu.

Shahidi wangu wa kwanza ni mwenye nyumba namba 27. Shahidi wangu wa pili ni mlalamikiwa mwenyewe. Amekubali.